Mtani Aliyekataa Kushuka Dodoma

Ihumwa, Ugogo
30 Novemba 1912

Mpendwa shemeji yangu Bartolomayo,

Kwanza niambie, kifua chako kikoje? Mtu aliyetuletea barua yako ya Agosti alisema bado unakohoa asubuhi, na kwamba upepo wa Tanga una unyevu usiomfaa mtu aliyelelewa kwenye vumbi. Kunywa maji ya moto na usilale karibu na dirisha. Na hao vijana unaowafundisha useremala, wanakusikia? Mungu akupe afya, na akuongezee uvumilivu.

Huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua, lakini lilianza zamani, kabla Wadachi hawajajenga boma la Kilimatinde, kwa hiyo hiyo si habari. Baada ya manyunyu ya wiki iliyopita, mvua kubwa ya kwanza imenyesha juzi. Ng'ombe wamekonda lakini wanasimama wenyewe, na mwaka huu hilo tunalishukuru.

Ungeiona Dodoma leo usingeijua. Pale tulipokuwa tukienda wewe na mimi kutafuta ndama waliopotea, sasa pana stesheni ya mawe, kengele, na maduka ya Wahindi yaliyoezekwa mabati. Mvua ikipiga mabati yale, muuzaji na mnunuzi hawasikiani tena. Wanakaa wanatazamana mpaka iishe, ndipo waendelee kupatana. Juzi nilisimama pale kungoja chumvi nikamkumbuka marehemu mama yenu, aliyekuwa akisema tembe ya udongo haina fahari lakini haigombani na mvua.

Ihumwa yetu, kwa upande wake, imenyamaza. Visima vipo, misafara haipo. Hakuna ngoma ya kirangozi akiongoza msafara alfajiri, wala moshi wa majiko ya wapagazi jioni. Kambini wanalala mbuzi. Mtoto mdogo wa jirani aliniuliza kama ni kweli pembe za ndovu zilipita hapa zikiwa mabegani mwa watu. Nilipomwambia ndiyo, akanicheka kwa adabu.

Mimi niliyekuwa nikiwauzia wapagazi maji, sasa nalinywesha gari la moshi. Hiyo ndiyo kazi yangu pale stesheni Dodoma: napiga pampu, maji yanapanda kwenye tangi, gari linafika na kiu yake, linakunywa, linaondoka. Dada yako Ruthu alikuwa akisema nimepata mteja anayekunywa kuliko Wanyamwezi wote, na asiyejua kusema asante.

Sasa nakuja kwenye habari ya dada yako, kwa maana najua ndiyo unayoingoja.

Tulipomzika mwezi wa Aprili nilikuandikia jinsi ilivyokuwa. Sala zilisomwa vizuri, na watu walikuwa wengi. Lakini msiba haukuisha. Wewe umekaa pwani miaka mingi, labda umesahau, kwa hiyo naeleza. Kwetu, mama wa nyumba akifa, jiko lake haliwashwi mpaka mtani wa nyumba ile aje, amcheke marehemu, atufukuze katika huzuni, na awashe moto kwa mkono wake. Mtani wetu unamjua. Ni Mrisho, yule Mnyamwezi mpagazi aliyekuwa akipiga kambi hapa kila mwaka, akigombana na Ruthu kisimani mpaka wageni wakadhani watapigana. Zamani hatukumwita mtu. Tungengoja msafara upite tu. Safari hii tulingoja tukakumbuka kwamba misafara haipiti.

Tukawa tunapikia uani, upande wa zizi, kama watu waliohamia jana.

Kungoja huko kungekuwa kwangu peke yangu kama si Priska, mpwa wako. Amechumbiwa na Gideoni, mwana wa Matonya, kijana mpole, mrefu kama mtama wa mwaka mwema. Gideoni ameandikwa kazi ya kujenga reli mbele ya Tabora, na kundi lao lilikuwa liondoke Jumatatu ya tarehe ishirini na tano. Mchungaji naye hupita Ihumwa kwa nadra, na zamu yake iliangukia Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Kwa hiyo Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa siku ya ndoa. Ikipita, Gideoni angeondoka peke yake, na vijana wanaokwenda reli wengine hawarudi. Nilimwona Priska akifagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Matonya, baba wa kijana, bado anashika mila za wazee, akasema neno lake moja: “Simtoi bibi arusi katika nyumba yenye msiba. Mtani akifika, nami nitafika.”

Nikamwambia kuna Wanyamwezi vijana pale stesheni, labda mmoja wao angefaa.

“Mtani si mtu wa kuokotwa stesheni,” akanijibu. “Huyo kijana atamcheka nani? Alimjua Ruthu?”

Alisema kweli.

Basi nikatuma salamu kwa Abbasi, anayetia kuni katika gari la moshi na anayelala Tabora kila safari. Alimpata Mrisho upesi. Siku hizi Mrisho anabeba magunia kutoka behewani hadi ghalani, hatua chache tu, na anasema hiyo si kazi, ni kujinyoosha. Aliposikia Ruthu hayupo, alikaa chini. Kisha akamwambia Abbasi: Alhamisi nitashuka Ihumwa.

Alhamisi nikasimama stesheni Dodoma kumpokea. Gari likaingia, watu wakashuka, Mrisho hakushuka. Nikapita behewa kwa behewa nikiita. Nikamkuta dirishani, ametulia, fimbo katikati ya magoti.

“Mrisho! Shuka!”

“Nishuke wapi? Hapa Dodoma. Mimi naenda Ihumwa.”

“Gari halisimami Ihumwa!”

Akacheka mpaka abiria wenzake wakageuka. “Mnamsikia Mgogo huyu? Miaka yote ameniuzia tope akiliita maji, leo anataka kuniuzia na safari ya miguu!”

“Mrisho, naapa kwa Mungu.”

“Mgogo akiapa, shika mzigo wako!”

Shemeji, tumetaniana tangu ujana wetu, na katika miaka yote hiyo sijamwambia Mrisho neno moja la kweli ambalo hakuligeuza, wala yeye mimi. Sasa nilikuwa na neno la kweli mdomoni na hakuna aliyelitaka. Na yeye alikuwa na hoja yake. Hajawahi kuona safari inayopita visima vya Ihumwa bila kusimama. Angejuaje kwamba chombo chenye akili za Wadachi kitapita maji kama hayakuwapo?

Kengele ikalia. Nikakimbia kando ya behewa na goti langu hili nikisema, “Kwa jina la Ruthu, shuka!” Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Niliona uso wake umebadilika, lakini gari lilikuwa limeshika mwendo.

Yaliyotokea Ihumwa alinisimulia Priska. Alikuwa kisimani gari likipita. Akasikia sauti kutoka dirishani: “Simamisha! Simamisha hapa, ndipo kambini!” na akaona mkono ukipiga ubao wa behewa kama mtu anayempiga punda. Kisha mkono ukawa mdogo, ukapotea, na vumbi likabaki.

Jioni hiyo hakuna aliyekuja. Ijumaa nzima hakuna aliyekuja. Matonya alifika kutazama, akasimama mlangoni bila kuingia. “Naona mtani wako amekwenda kutazama bahari,” akasema. Gideoni alikuwa nyuma yake, na sijamwona kijana akigeuzageuza kofia mikononi namna ile. Alikwisha muuliza msimamizi kama anaweza kuchelewa. Aliambiwa akikosa gari, amekosa na kazi.

Usiku ule Priska akaniuliza, “Baba, huenda amekasirika akarudi kwao?” Nikamwambia Mrisho hakasiriki. Lakini sikuwa na hakika. Mzee aliyeaibishwa mbele ya behewa zima anaweza kufanya lolote.

Jumamosi, jua limeanza kushuka, nikasikia mbuzi wa kambini wakitawanyika. Alikuwa anakuja kutoka mashariki, si kando ya reli bali kwa njia ile ya zamani ya misafara, ambayo sasa imeota miiba. Nguo ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Alipofika karibu akapaza sauti:

“Wagogo! Mmeihamisha Ihumwa mkaificha, ee? Mnaona haya kwa tope lenu?”

Loisi, dada yangu, ndiye aliyemjibu kwa niaba yetu: “Hatukuificha! Mnyamwezi akipanda gari husahau kwao na kwa watu!”

Kumbe Kikombo, stesheni ya mbele yetu, gari lilisimama, lakini Mrisho hakushuka kwa kuwa alikuwa anagombana na mkata tiketi, akidai gari lirudi nyuma. Walimshusha Gulwe, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kutoka Gulwe akatembea, akilala katika kambi zake zile zile za zamani. Katika moja alikuta jiwe alilolala kando yake akiwa kijana, na akalisalimu. Hakutaka kupumzika. Alikunywa maji, akasema bado ni tope, akaomba kaniki ya Ruthu na mwiko wake.

Shemeji, hapa ndipo ningependa ungekuwapo.

Majirani wakajaa, na Matonya naye akafika, akasimama mlangoni. Mrisho alijifunga ile kaniki chini ya makwapa, akaketi kwenye jiko baridi, akanyoosha mguu mmoja kama alivyokuwa akifanya dada yako nyonga ilipomuuma. Akachovya kidole katika chungu kitupu, akaonja, akakunja uso. Tayari watu walianza kucheka. Kisha akafungua mdomo, na ilikuwa sauti ya Ruthu.

“Yotham! Umesimama hapo kama nguzo ya simu, kuni zitakuja zenyewe? Loisi, toa kidole puani, mgeni yupo! Na wewe Matonya, mlangoni hapo umeota mizizi? Ingia au toka, kuku wanataka kupita!”

Matonya akaingia. Nakuambia, aliingia kabla hajajua kwamba ameingia, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Wanawake walijishika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na nikilia nikawa bado nacheka, nisijue kipi ni kipi.

Mrisho akasubiri tutulie. Akachota maji kwa kibuyu, akamwaga kidogo chini kama Ruthu alivyokuwa akifanya kabla ya kumpa mpagazi wa kwanza. Akasema, bado kwa sauti ile, lakini polepole:

“Nani kasema mtoto wangu asiolewe mpaka nirudi? Sirudi. Huko nilikofika maji ni mengi, na sitaki kuteka tena. Washeni moto, mle.”

Akawasha moto. Kuni zilikuwa mbichi kwa ile mvua ya manyunyu, moshi ukajaa, kila mtu akatoka nje akikohoa, na huko nje tukakuta tumeshafukuzwa katika msiba kama desturi inavyotaka. Kisha Mrisho akakamata jogoo wangu bora, haki yake ya utani, akaapa hatamwachia hata Wadachi wakija.

Jioni tulikaa wawili ukutani. Alikuwa amevua ile kaniki akaikunja vizuri. Akaniambia, “Tulipokwenda kwa miguu, habari zilitembea pamoja nasi. Ningejua msiba wake kabla matanga hayajavunjwa. Sasa mimi nakwenda mbio na habari zinakuja nyuma.” Nikamwambia amefika kwa wakati. Akasema, “Nimefika kwa miguu,” akacheka.

Jumapili mchungaji aliwafungisha ndoa Priska na Gideoni. Kanisa letu la miti halikutosha, wengine walisimama kwenye jua kali. Matonya, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga kanisani, alisimama mlangoni. Mrisho, ambaye ni Mwislamu, akamsukuma ndani akisema safari hii asingoje kufukuzwa. Priska alivaa shanga za mama yake.

Jumatatu wakaondoka wote wawili, kwa kuwa wafanyakazi wenye wake wanaruhusiwa kwenda nao. Mrisho alikuwa nao, na ameahidi kuwaangalia Tabora kabla hawajaendelea mbele. Priska alinipungia mkono mpaka behewa la mwisho lilipofichwa na miiba. Nilirudi kwenye pampu, maana gari la mizigo lilikuwa linakuja.

Nyumba ni kimya, sikufichi. Lakini jiko linawaka, napika mwenyewe, na Loisi anasema mlenda wangu unaweza kuziba nyufa za tembe. Wakati mwingine nikipuliza moto najikuta nacheka peke yangu kwa ajili ya Matonya na mizizi yake. Kabla ya Jumamosi ile, kila nilipomfikiria Ruthu nilimwona kitandani. Sasa namwona jikoni, mguu umenyooka, anagomba.

Wewe ndiwe mjomba, na ndoa ya mpwa haijakamilika bila neno la mjomba. Tafadhali mwandikie Priska mistari michache ya baraka, uipeleke kwa Mrisho, stesheni ya Tabora. Yeye atamfikishia Priska, naye atasomewa na ataitunza.

Msalimie sana Lydia mkeo, mwambie ile mbegu ya maboga aliyotuma imeota. Wabusu watoto. Loisi anakusalimu, Matonya pia, na wazee wote wa hapa Ihumwa wanauliza kama bado unajua Kigogo. Bwana akulinde kifua na mikono unayofanyia kazi, na akuonyeshe mema ya kazi hiyo.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda siku zote,

Yotham

Ukisali, mtaje dada yako, na sisi tuliobaki utukumbuke.