Injini Uliyoigeuza, Papa

Papa wangu,

Tangu asubuhi nimekaa kwenye gari lako la mashindano, hapa uani kwetu Mabanga, na kazi imenishinda kuianza. Nimeona heri nikuandikie kwanza, ingawa najua ulizikwa Kindu na barua hii haina pa kufika.

Unakumbuka ulivyoapa kuwashinda mbio vijana wa mtaa wa Katoyi? Walikuwa na kigari chepesi chenye injini ya pikipiki, nawe, fundi wa pikipiki miaka yote, ukaona hiyo ni dharau. Tulichomelea mabomba miezi mitatu, wewe na mimi, hadi tukapata gari la kuinuliwa na watu wanne. Tulipofika kwenye injini ukakuna kichwa. Kama ingekaa nyuma ya kiti vile inavyokaa kwenye pikipiki, bomba la moshi lingemwelekea dereva. "Itachoma mutu mugongo," ukasema, ukaigeuza itazame nyuma. Ukaichomelea moja kwa moja bila kuijaribu, kwa haraka zako zile zile. Mimi niliyeishikilia kwa mikono miwili sikuona kosa.

Tulipoiwasha na kuingiza gia ya kwanza, magurudumu yakazunguka kinyume, gari likarudi nyuma. Ukaingiza gia ya pili, likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Gia nne zote za kinyume, ya mbele hakuna hata moja. Mtaa ulicheka, nawe ukaninunia siku mbili kana kwamba mimi ndiye niliyeigeuza.

Kabla hujairekebisha, volkano ikatapika, na siku chache baadaye tukaambiwa tutoke mjini. Njia ya Sake ilijaa watu, na magoti ya mama yalikuwa hayamfikishi hata msikitini. Ukamfungia kiti kando ya chako, ukaendesha kinyumenyume asubuhi nzima, shingo imekupinda, mimi ubavuni nikikuelekeza. Ulimwomba mama radhi kwa aibu ile. Akakujibu, "Acha tu, Papa Zaina. Niko naangalia mutaa yetu." Nadhani ni siku hiyo ulipoanza kulipenda gari hilo na kasoro yake.

Tuliporudi nilikukumbusha mara nyingi. "Nitaigeuza vita ikiisha," ukaniambia kila mara. Vita vilikuwa upande wa Rutshuru, kisha vikasogea kwetu. Ukaenda Kindu kwenye matanga ya ndugu yako, huku nyuma waasi wakaingia mjini kwetu na uwanja wa ndege ukafungwa, nawe hukuweza kurudi. Homa ikakuchukua huko, sisi tukasikia kwa simu. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba sikukuuguza hata siku moja.

Sasa jambo lenyewe. Ili kuigeuza injini, lazima nikate mshono wako wa kuchomelea. Mabomba tuliyachomelea wote wawili; hii ndiyo kazi pekee ya mkono wako mwenyewe iliyobaki nyumbani. Nyingine zote ziliondoka na wenye pikipiki zao. Ni mshono mzuri, Papa, umenyooka, tatizo ni mahali ulipo. Mwezi mzima nimeuzunguka. Jana nilimwuliza mama. Akasema, "Papa yako alingoja vita iishe. Na wewe utangoja mpaka wakati gani?"

Naweka kalamu chini kidogo.

Nimerudi. Nimeukata. Nililia nikiwa nakata, wala sikujificha. Injini nimeigeuza, bomba la moshi nimelipitisha ubavuni na kulikinga kwa bati, mgongo wa dereva hautaungua. Mshono wangu una matuta, ungeusema wiki nzima, lakini umeshika.

Nimeingiza gia ya kwanza. Gari limekwenda mbele, polepole, hadi mlangoni mwa ua. Mama amepiga kofi moja, kisha akajifunika uso kwa kitenge chake.

Mungu akustareheshe huko Kindu, Papa. Vita havijaisha. Nisamehe, sikuweza kungoja.

Binti yako mkubwa, Zaina