Ile Isiyo na Tamu

Baba yangu,

Shikamoo, hapo ulipolala. Najua huwezi kuitikia, lakini ningeanza bila shikamoo ungeikataa barua nzima. Nakujua.

Masika yamechelewa tena hapa Shika Adabu. Kila asubuhi mume wangu ananiuliza kwa nini nataka mbegu ya dukani na ya kwetu ipo jikoni. Akiniuliza hivyo, namsikia mama mwaka ule wa themanini na kitu, nawe umesimama mlangoni na mfuko wako.

Uliteremsha mahindi yote aliyoyaning'iniza juu ya meko yakolee moshi, ukayauza sokoni Likoni. Ukavuka feri kwenda mjini, ukarudi na mbegu ya muda mfupi, ile inayozaa kabla mvua haijakatika. Ilikuwa nyekundu kwa dawa. Ukatuonya kwamba hailiwi, hata kuku asiipate.

Mama akaitazama, akakutazama wewe. "Baba Mishi, yale yangu, mvua ikikosa tungeyasaga. Haya je?"

"Mvua itakuja, inshallah."

Haikuja. Wewe ulizoea kukisimulia kisa hiki kwa kicheko, na sisi hatukucheka. Tulikula muhogo, kisha kisamvu, kisha ahadi zako. Mama akaacha kusema nawe. Chakula kikiiva ananituma mimi: "Mwambie babako ale." Nawe u papo hapo, unasikia! Nyumba ina njaa, na juu ya kabati pana mfuko wa mahindi.

Siku moja nikamkuta jikoni ameupasua ule mfuko, mbegu amezimimina kwenye sinia, ndoo ya maji iko kando. Nikapiga ukelele. Ukaingia mbio.

"Ukizipika tutakufa, Riziki."

"Na nisipozipika?"

Wallahi baba, sijaogopa vile tena maishani mwangu. Ulilichukua lile sinia mikononi mwake taratibu, ukatoka nalo hadi shambani, ukaanza kupanda kwenye vumbi. Hapana wingu, hapana umande, wewe unachimba kwa hasira tu. Majirani walisema umerukwa na akili, na mimi niliwaamini. Leo nadhani ulitaka tu kuziondoa zile mbegu machoni pake.

Mvua ilikuja tukiwa tumeshakata tamaa. Ikanyesha kidogo, ikaondoka mapema. Mahindi ya majirani, marefu ya kujivunia, yalikauka hata hayajabeba. Yako yalikuwa mafupi ya kutia aibu, lakini yalikuwa na mahindi. Ukavunja la kwanza ukampelekea mama. Akalichoma, akauma, na sote tukawa tunamtazama mdomo.

"Halina tamu," akasema. Akanyoosha mkono achukue la pili.

Hilo ndilo neno la kwanza alilokwambia tangu siku ya sinia. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sasa ni zamu yangu, baba, na mimi sicheki. Mbegu imepanda bei. Kuipata lazima niuze mahindi niliyoweka, na mvua ikikosa kabisa watoto wangu watakula nini? Ulijua itakuja, au ulikuwa ukiogopa kama mimi? Nina hasira nawe kwa kutoniambia. Na nina hamu nawe, loo, hamu ya kuniumiza kifua.

Jana nilibishana na mume wangu uani mpaka sauti zikapanda. Mama alikuwa ameketi kizingitini, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nilingoja aniambie alivyoteseka na wewe, kwa sababu hakuna mtu mwenye haki zaidi ya kusema. Mume wangu naye alingoja hilo hilo.

Mama akafungua fundo la pindo la leso yake, akatoa noti zilizokunjwakunjwa, akanitia mkononi.

"Usiuze mahindi yako," akasema. "Kanunue ile isiyo na tamu."

Kesho asubuhi navuka feri, baba. Lala salama, Mola akurehemu.

Ni mimi mwanao,
Mishi