Neno Nililojibu Nikiwa Nimekaa

Likasi, Jumanne

Papa Mukendi,

Mke wako, Mama Ngalula, amelazwa. Leo ni siku ya nne. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa ukiniambia barua iseme kwanza kilichoileta, ndipo isalimie. Hicho ndicho kilichoileta. Salamu zitafuata kama nitaziweza.

Meza yako ya kutafsiri makaratasi sijaifungua tangu tukuzike. Jana mtu alinifuata mpaka hapa kituo cha afya na karatasi ya mashine yake ya Ulaya, akasema, "Natafuta muzee," halafu akaniangalia kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa mboga. Nilimrudisha. Sikuwa na macho ya kusoma.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza? Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, uliandika neno moja kwenye kipande cha katoni. Siku moja ukaandika SALE. Nikajibu mbio: Kifaransa, chafu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia Mwingereza akiliandika mlangoni anauza, na Mwitaliano akiliandika kwenye mfuko ni chumvi. Kesho yake ukaandika GIFT. Kwa Mwingereza ni zawadi, kwa Mjerumani ni sumu, na kule kaskazini zaidi ni sumu na pia ni mtu aliyefunga ndoa. Ukamtazama Mama Ngalula, aliyekuwa ametuletea chai, ukasema hao wa kaskazini wanaijua dunia. Akakupiga na kitambaa cha meza. Mlicheka wote wawili, na mimi nikajifanya naangalia barabara.

"Neno iko na kwabo," ulisema siku ile. "Usijibu na matako ku kiti. Simama, wende uone fasi inaikala." Uliweza kufunga meza asubuhi nzima ukaenda mpaka Kakontwe kuona mahali neno moja linapokaa kwenye mashine ya mtu, wateja wakinuna. Mimi nilikuona mkaidi tu.

Sasa sikiliza. Siku ya tatu ya kilio chako maji yalikatika mtaa mzima. Watu walikuwa wengi, kanisa lote na ndugu waliotoka Kasai. Kazadi, shemeji yako, akaleta mapipa matatu ya buluu aliyoyapata matupu kwa watu wanaosafisha madini. Akayasuuza, akina mama wakayajaza maji ya mto. Pipa moja lilikuwa na neno kubwa ubavuni. Kazadi akalinakili kwenye katoni, akaniletea pale nilipokaa, kwenye mkeka, kando ya Mama Ngalula.

Mtoto wa nyumba haondoki ubavuni mwa mjane kabla kilio hakijaisha. Unajua. Na Mama alikuwa hajala wala hajasema neno tangu makaburini. Kwenye katoni nikaiona ile GIFT, iko peke yake, bila maneno ya kando. Maana zake nilizijua, Papa. Zote. Lakini watu walikuwa wananitazama, Kazadi ameinama anasubiri, Kiingereza tunakiona kila siku kwenye malori ya Zambia, na nilikuwa nimechoka. Nikasema: zawadi.

Mama mmoja wa kanisa akapaza sauti, "Amen! Papa anatutumia zawadi!" Wakapiga makofi, wimbo ukaanza. Mama Ngalula akatabasamu. Kisha akaomba maji.

Kilichofuata mtaa mzima unakisimulia. Kwamba nilikimbia hadi kwenye mapipa, nikalizungusha lile lenye neno, nikakuta nyuma karatasi iliyokwanguliwa nusu: imeandikwa Vorsicht, Kijerumani cha kuambia watu wajihadhari, na chini yake fuvu lililobaki taya tu. Kwamba niliyaangusha yote matatu, maji yakapita chini ya mikeka, Kazadi akanikaba akipiga kelele, "Unamwanga mayi ya kilio!" Sufuria ya bukari, ugali wa maji yale yale, ilikuwa tayari motoni, nayo nikaipiga teke. Ni kweli yote. Hakuna mwingine aliyekunywa. Kazadi ameniomba msamaha mara tatu, na siku hizi hanywi hata chai bila kuniuliza.

Mama alianza kutapika kabla jua halijashuka. Daktari anasema tusubiri figo zianze kufanya kazi. Kila asubuhi jibu ni hilo hilo, tusubiri. Jana mikono ilimvimba, pete yako ikabidi ikatwe. Leo amefumbua macho, amenishika kidole, akasema, "Bila weye, mutoto yangu, tungelikufa bote." Nikamfunika shuka, nikatoka nje, nikakaa chini karibu na ukuta. Niliogopa kurudi ndani.

Maana hadithi yao inaanzia pale nilipoinuka. Kabla ya hapo kikombe kilipita mbele ya uso wangu. Kikombe cha bati, kimejaa. Shaka ilikuwa imeshanishika. Ningenyoosha mkono tu, ningekizuia. Lakini Mama alikuwa anatabasamu, na nikaona haya kusema mbele ya watu kwamba sina hakika, mimi mwanafunzi wako, siku chache tu baada yako. Nikangoja wimbo uishe. Akanywa mpaka chini. Ndipo nikainuka.

Kusoma nilisoma, Papa. Nilinyamaza. Hakuna anayejua ila wewe, na wewe nakuandikia kwa sababu huwezi kunijibu. Nisamehe hata hilo.

Moyo unaniambia ningoje apate nguvu. Nimeugeuza huo ushauri kila upande tangu asubuhi, na kila upande ni uoga wangu mwenyewe. Asipopata nguvu je? Atakuja kwako akinisifu, na wewe utamsikiliza.

Pumzika, Papa yangu. Umenilisha, umenifundisha, nami nimekulipa hivi. Kesho asubuhi, kabla daktari hajapita, nitakaa kando ya kitanda chake nimwambie kama nilivyokuandikia, mbele ya Kazadi. Akinifukuza, nitakwenda. Lakini nakuahidi: neno hili atalisikia kwangu kabla hajalisikia kwako.

Mwanafunzi wako,
Bea