Msamaha Ninaokurudishia

Witeithie,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako Ciku, rafiki yangu,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye hadi leo anakuita Ciku wa Kagwe, kana kwamba Nakuru imejaa akina Ciku na yeye anaogopa tutakuchanganya. Habari za wodini? Mgongo wako unaendeleaje na zamu hizo za kusimama? Na huyo mtoto, meno yametoka yote au bado anawang'ata watu kwa mawili? Mwalimu Nakhumicha alitufundisha kwamba barua isiyouliza afya ni amri ya polisi, na alitucharaza viganja kwa hilo, kwa hivyo nauliza yote hapa mwanzoni, tena kwa moyo. Sisi huku tuna uzima wa watu waliofiwa. Mama bado anafua ovaroli za baba kila Jumamosi ingawa hakuna aliyezichafua, na mimi nazianika.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi ambapo hata kadi za harusi huja kwa simu. Ningekupigia, lakini nakujua. Ungenisikia nikikwama ungeanza kunihurumia, nami ningejiachia kuhurumiwa, na jambo lenyewe lingebaki bila kusemwa.

Jambo lenyewe linahusu ujumbe uliotutumia asubuhi ya mazishi ya baba, kule kwetu Ugunja. Uliandika kwamba wewe, mama yako na jamaa yote ya marehemu Kagwe mmemsamehe Fundi Jeconia kwa yaliyotokea darajani, na kwamba aende salama. Mimi ndiye niliyeusoma mbele ya watu. Nilipomaliza, mchungaji alisema amina mara mbili. Baba mdogo, ambaye sijawahi kumwona akilia, alilia waziwazi na kusema kwamba sasa ndugu yake atalala. Watu walinisifu baadaye kwamba nimesoma kijasiri, sauti haikutetemeka hata kidogo. Haikutetemeka kwa sababu mkoba wangu ulikuwa begani na nilikuwa najua kilichomo.

Mengi unayajua, ila nitayapanga tangu mwanzo. Kuna upande uliosimuliwa na mama yako na upande niliosimuliwa na baba, na mimi na wewe hatujawahi kuziweka hadithi hizo mbili mahali pamoja.

Tulikuwa darasa la sita. Baba yako alipeleka maziwa mjini Ruiru kila asubuhi kwa baiskeli, na kabla ya daraja la miguu la Gatongora kujengwa ilimbidi azunguke kote Kimbo. Baba yangu alikuwa fundi mkuu wa mawe pale. Siku lilipofunguliwa, mimi na wewe tulilipita mara kumi na saba, tukihesabu kwa sauti, mpaka Kagwe akatufukuza twende nyumbani tukaoge. Mvua kubwa ya mwaka uliofuata ikaja, maji yakala chini ya nguzo ya kati, nguzo ikaketi, daraja likakatika, na baba yako alikuwa katikati na mitungi yake. Alipatikana siku ya tatu.

Barazani, injinia kijana aliyesimamia kazi alieleza kwa sauti ya upole kwamba fundi hakuchimba msingi hadi kwenye mwamba. Baba alisimama akasema ni kweli hakuufikia, lakini alikatazwa. Alisema aliupiga mtaimbo chini ya shimo mbele ya injinia, kama alivyofanya kwa kila msingi maishani mwake, na jiwe halikuitika. Hivyo ndivyo alivyosema siku zote: ukiupiga mwamba, mtaimbo unaita, na ukipiga udongo, unanyamaza. Akasema injinia alimwandikia kitabuni kwamba aanze kujenga. Kitabu cha saiti kikatafutwa, hakikuonekana. Kontrakta alikuwa ameshahama na karatasi zake. Nakumbuka mama yako alimwita Mungu, "Ngai", mara moja tu, akajifunika uso kwa leso. Kuanzia siku hiyo Gatongora yote ilimwita baba Fundi Nusu.

Shuleni nami nikawa Nusu. Wewe hukuniita hivyo hata siku moja, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuniita ni wewe. Ulihama dawati tu, kwa sababu mama yako alikuagiza, ukaniachia ile rula tuliyokuwa tunatumia pamoja. Ninayo mpaka leo.

Tulihamia huku Witeithie. Hakuna aliyempa baba tena kazi ya msingi. Alijenga kuta za ploti, akachonga mawe ya kupamba malango ya wenye nacho. Daraja la chuma lilipowekwa mahali pa lile la mawe, alikataa kulipita. Akiwa na shughuli ng'ambo alizunguka Kimbo. Nilikuja kusikia kwamba mama yako naye huzunguka Kimbo. Fikiria, watu wawili tu Ruiru nzima, miaka ishirini, wanazunguka njia ileile kwa sababu ileile, na hawakuwahi kusalimiana.

Mimi nilisomea uhandisi kwa hasira, sitakuficha. Nilitaka siku moja niwe mimi ninayeandika kitabuni.

Sasa sikiliza. Mwaka jana, mwezi wa pili, tawi letu la chama cha wahandisi liliunda kamati ya kuorodhesha kazi za kale za Thika na Ruiru: madaraja ya mawe, ya reli, mabwawa, mifereji. Nia ilikuwa kuziwekea vibao, watu wajue nani alijenga nini. Mwenyekiti alikuwa Injinia Ephantus Mugo. Huyu ndiye mzee aliyenilea kikazi kwa miaka mitano. Alinifundisha kusoma mto kabla ya kusoma mchoro, na nilipofiwa na nyanya alifunga ofisi akanisindikiza mpaka kituo cha basi. Kazini mimi ni Injinia Awiti, jina la babu, kwa hivyo hakujua mimi ni binti wa nani. Nami sikujua yeye alikuwa nani, maana barazani nilimwona mara moja tu, mtoto nyuma ya watu, na nyumbani baba hakutaja jina. Alisema tu "yule kijana wa ofisi". Mzee Ephantus ndiye aliyesisitiza katika kila kikao kwamba tutafute majina ya mafundi pia, si ya wahandisi pekee. Niliona ni ungwana wake tu.

Mimi ndiye niliyetumwa stoo. Ni stoo ya zamani pale Thika, imejaa michoro iliyoliwa na mchwa, na nilikuwa natafuta habari za daraja moja la reli. Ndani ya sanduku lililoandikwa "Mabomba" nikakuta kitabu cha maagizo ya saiti cha daraja la miguu la Gatongora. Kila agizo katika vitabu hivi huandikwa mara mbili kwa kaboni: karatasi nyeupe huenda kwa kontrakta, ya waridi hubaki kitabuni. Zile za waridi zilikuwepo zote. Nilizifungua moja baada ya nyingine nikiwa nimechuchumaa sakafuni, na kwenye ukurasa wa thelathini na mbili nikakuta, kwa Kiingereza cha ofisini, maneno ambayo maana yake ni hii: Nguzo ya kati. Fundi anasema hajafika mwamba. Nimesikia. Simamisha kuchimba, anza kujenga leo.

Sahihi ya chini niliitambua kabla sijaisoma. Ina mkia mrefu unaorudi kushoto. Kwa miaka mitano nilikuwa nimeiona kwenye kila ripoti yangu.

Niliuchana ule ukurasa, nikautia mkobani. Siku hiyo niliamini nauchana ili niukimbize nyumbani kwa baba. Njiani nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mwezi wa nne nilikuwa napeleka fomu yangu kwenye bodi ili nisajiliwe kuwa mhandisi kamili, na fomu hiyo ilihitaji sahihi ya mlezi wangu kikazi, yuleyule Mzee Ephantus. Bila yake ningeanza upya na mtu mwingine, labda miaka mitatu zaidi. Nikajiambia baba amengoja ishirini, atangoja miezi miwili. Nikajiambia nikiwa na mhuri wangu nitamtetea vizuri zaidi. Ukiwa msomi hukosi la kujiambia.

Ciku, yanayofuata hayajui hata mama.

Baba alikuwa amesikia kwamba kamati imenituma stoo ya Thika. Jumapili moja, mwezi wa tatu, alikuwa nje ananoa tindo lake, nami nimekaa kwenye kigoda kando yake. Bila kuinua macho akaniuliza kama katika makaratasi hayo ya Thika nimewahi kukutana na kitabu cha saiti cha Gatongora. Aliuliza kama mtu anayeulizia mvua. Karatasi ilikuwa ndani ya nyumba, ndani ya mkoba, hatua kumi kutoka alipoketi. Nikamjibu kwamba vitabu vya miaka ile vyote viliisha na mchwa. Akalipuliza tindo vumbi, akasema, "Basi, nyathina," yaani mwanangu. Hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Nilimdanganya baba yangu waziwazi ili nipate mhuri. Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna nyingine na hakuna namna nyingine.

Sahihi nikapata, na mhuri ukaja mwezi wa tisa. Baba alifurahi hadi ikawa aibu. Aliuomba, akaupiga juu ya pedi ya wino, kisha akajipiga nyuma ya mkono wake, jina langu na nambari yangu juu ya ngozi iliyochubuka kwa mawe, akatoka akaenda kuwaonyesha majirani duka kwa duka. Hakuosha mkono huo kwa siku mbili. Nilikuwa nasema nitamwambia Krismasi, tukiwa wote pamoja. Mwezi wa kumi na moja moyo wake ulisimama akiwa kazini, juu ya ukuta wa mtu, na mwiko mkononi.

Kule Ugunja, vijana walipokuwa wanachimba kaburi asubuhi, mtaimbo wa binamu yangu Byron uligonga mwamba ukaita, boma zima likasikia. Wakasema kina kinatosha. Mimi nilikwenda nyuma ya jikoni nikajiziba mdomo kwa kitenge. Saa tatu baadaye nikasimama kusoma msamaha wako, karatasi ya waridi ikiwa begani mwangu, na watu wote wale wakamsikia baba yangu akisamehewa kosa ambalo hakulifanya. Ningeweza kusema palepale. Nilizima simu nikaketi.

Wiki mbili zilizopita nilipiga moyo konde nikaenda Thika kwa Mzee Ephantus. Nilimwambia mimi ni binti wa nani, nikaiweka karatasi mezani. Aliisoma hadi chini. Hakukana, hakuuliza nimeipata wapi. Alisema alikuwa na miaka ishirini na minane, siku ya ufunguzi ilikuwa imeshapangwa na wakubwa, na kitabu alikificha mwenyewe kwenye sanduku lile kwa sababu hakuweza kukichoma. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama baba yangu aliiona kabla hajafa. Nikasema hapana. Akauliza niliipata lini. Nilipomwambia ni mwezi wa pili mwaka jana, aliinua uso akanitazama, nami nikatazama chini, maana tulikuwa tumeelewana kabisa. Tulikaa hivyo, wahandisi wawili waliosajiliwa, hakuna aliyeweza kumlaumu mwenzake.

Aliandika maelezo yake kwa mkono wake, akatia sahihi ileile. Ameacha uenyekiti. Karatasi halisi na maelezo hayo nimeyapeleka kwenye bodi, pamoja na barua yangu kuhusu nilichofanya mimi. Huenda nikamwaga unga. Mhuri wenyewe nimeshautia ndani ya bahasha ya kuurudisha kwa bodi. Sisemi hivi ili unionee huruma. Nakala za karatasi ile na za maelezo ya Mzee nimeziweka humu ndani ili usilazimike kuniamini kwa maneno.

Nakuomba unisaidie kwa mama yako. Mama Ciku amemchukia mtu asiyestahili kwa miaka ishirini, kisha akajikaza akamsamehe, na najua msamaha huo ulimgharimu. Sijui mtu wa umri wake anaambiwaje jambo kama hili. Ukiona inafaa nije mwenyewe Gatongora, nitakuja siku utakayoitaja, nitasimama hata mlangoni. Mzee Ephantus anasema atakuja pia, kama ataruhusiwa, na kama hataruhusiwa ataelewa.

Na ule msamaha nakurudishia, Ciku, mzima kama ulivyokuja. Baba yangu hakuwa na kazi nao. Usinigeuzie mimi kwa sababu ni mimi niliyebaki. Sikuomba, na yule ambaye ningemwomba hayupo. Ila ukirudi Gatongora umsikie mtu anasema Fundi Nusu, mwambie alichimba mpaka alipokatazwa, na kwamba alisema.

Msalimie mtoto, umfunge sweta, Nakuru ina baridi msimu huu. Mama anasema ukipita barabara hii usiipite nyumba. Hajui bado ninachokuandikia. Nikishaifunga bahasha hii naingia jikoni kumwambia.

Ni mimi,
Akoth wa Jeconia.