Baba, Shabani Alijua Jibu

Baba,

Leo zimetimia siku thelathini na moja tangu wakubebe kwenda kukuzika. Nilitaka kukuandikia mapema, lakini kila nilipoanza nilijikuta nakulilia, na sikutaka hii iwe barua ya kulia. Kuna neno nililokuficha miaka kumi na saba. Ungekuwa hai ningeendelea kulificha. Nakujua, na najijua.

Habari za nyumba kwanza, maana ndivyo ulivyopenda. Bati la jikoni linavuja upande wa mlango. Treni haijaleta mabehewa wiki ya pili sasa, na rafiki zako wa kazi wa gare, pale kituo cha treni, wanakaa tu kwenye benchi, wanasema ungekuwepo ungewaambia yamekwama wapi. Mama anakula kidogo. Kikombe chako bado anakiosha kila asubuhi pamoja na vyombo vingine. Wembe wako ameuchukua Baba Mdogo Bakari. Sikumzuia.

Unakumbuka asubuhi zile. Kabla ya shule, mimi na Shabani tunasimama uani, mimi mbele, mdogo wangu nyuma yangu, kama tulivyopangwa shuleni kusalimia bendera. Wewe umetupa mgongo, unanyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo ulichokifunga kwenye nguzo ya baraza, kioo kisichoonyesha ila shavu lako. Unauliza, "Saba mara nane?" na wembe unaanza sikioni. Jibu lifike kabla wembe haujafika kidevuni. Kila siku, hata siku ya Idi. "Hesabu iko kama mguu," ulituambia. "Usipoutembeza unakufa." Majirani walikusifu. Tulipofika kalasi ya sita, sote wawili darasa moja, hapakuwa na mtoto mtaani aliyenishinda, na mwalimu alikuja mwenyewe kukupa mkono.

Shabani alikuwa na kigugumizi. Ukimwuliza yeye, nilisikia pumzi yake shingoni mwangu, "Ha, ha, ha," hamsini imekwama, na wembe unashuka. Siku moja ulimwuliza, "Mimi nauliza, wewe unacheka?" Hukumpiga. Hukupiga mtoto kamwe, hilo nakiri. Ulisema tu, bila kugeuka, "Wembe umefika. Kichwa ya huyu mutoto iko nzito. Zaina, mwambie." Nami nikamwambia.

Sasa neno lenyewe. Ulipoanza kuniuliza hesabu ngumu, kumi na nane mara sita na nyingine za namna hiyo, jibu mara nyingi halikutoka kichwani mwangu. Shabani aliliandika kwa kidole mgongoni mwangu. Moja, sifuri, nane. Mimi nikapaza sauti, "Mia moja na nane," na wewe ukafurahi hadi ukasimamisha wembe hewani. Ilianza siku moja nilipokuwa na homa, nimesimama sijui hata mbili na mbili. Halafu ikawa desturi. Hakuniomba kitu. Nadhani ilimtosha kwamba jibu lake limesikika, hata kama kwa mdomo wangu.

Aliyekuwa mwepesi ni yeye, Baba.

Mwisho wa kalasi ya sita ulisema nyumba hii inaweza kusomesha mmoja. Ulinichagua mimi. Shabani ukampeleka Punia kwa mjomba, akaoshe mawe ya madini mtoni. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Alipanda lori juu ya magunia ya chumvi, ukamwambia, "Huko hakuna mtu atakuuliza hesabu." Ulidhani unamfariji. Mimi nilisimama karibu yako, nikamwona akikubali kwa kichwa, na sikusema.

Nimejilaumu sana, lakini leo siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu. Shuleni Shabani aliimba nyimbo za chama mbele ya bendera, na sauti yake haikukwama hata mara moja. Ulimsikia. Ulisimama pale na baiskeli yako hadi wimbo ukaisha. Mtu aliyejua sababu ya kila behewa kuchelewa hakujiuliza lolote juu ya mwanawe.

Siku ya tatu ya matanga, Baba Mdogo Bakari alisema mbele ya watu, "Karatasi za nyumba zikae kwa Zaina. Shabani atajua hesabu wapi?" Wakacheka, kile kicheko kidogo cha msibani. Shabani akatazama miguu yake. Nikanyamaza tena, mwalimu mzima wa kalasi ya tatu.

Shabani alikuwa amekuja msibani na binti yake, Mwajuma, wa miaka minane, ili abaki kwangu asome. Kigugumizi chake ni kile kile cha baba yake. Shabani aliniambia, polepole kama asemavyo, "Yaya, dada yangu, mfundishe hesabu. Lakini si kwa wembe." Nikasema sawa. Asubuhi iliyofuata niliwapanga watoto wangu wawili, Asha na kaka yake, uani kama kila siku, na Mwajuma nyuma yao. Mimi napiga makofi matatu, na jibu lifike kabla ya la tatu. Sikuona kwamba ni kitu kimoja na wembe wako. Nikamwuliza sita mara tisa. "Ha, ha," akasema. Nikapiga la tatu. Na kinywa changu, Baba, kikasema, "Umechelewa. Asha, mwambie."

Shabani alikuwa barazani. Hakugomba. Alisema, "Yaya, hata wewe," akamshika mtoto mkono, wakaenda kutafuta lori. Niliwafuata hadi barabarani, nikamwambia angoje nimweleze. Akanijibu, "M-miaka yote hiyo ulikuwa na nafasi."

Makofi nimeyaacha. Hesabu za asubuhi bado tunafanya, maana kazi yenyewe si mbaya. Wanaandika kwenye vibao vyao, anayemaliza anafunika chake, na tunangoja hadi wa mwisho. Asha ananiuliza tunamngoja nani, kwani yeye na kaka yake wote wepesi.

Arobaini yako imebaki siku tisa. Shabani ametuma neno kwa dereva kwamba atakuja, kwa sababu ni baba yake. Mtoto hakumtaja. Kabla sahani ya kwanza haijaguswa nitasimama mbele ya Baba Mdogo Bakari na wote waliocheka, niseme nani alikuwa anapiga hesabu katika ua huu. Karatasi za nyumba nitamkabidhi Shabani mkononi. Kisha nitamwomba aniachie Mwajuma tena, asome. Akikataa, sitambishia.

Ila wewe ndiye uliyepaswa kuyasikia, na ulipokuwa kitandani ukinishika mkono, unaniita kichwa cha nyumba hii, nilikuacha uondoke na uongo. Nilikuogopa. Hata ulipokuwa huwezi kuinua kikombe, nilikuogopa.

Pumzika, Baba. Ijumaa nitakuja kaburini kukusomea dua, na uchungu huu nitakuja nao, sina pengine pa kuuweka. Siku ya arobaini nitasema. Nakuahidi, hata sauti ikinikwama.

Mwanao,
Zaina