Cheche kwenye Faneli ya Mjomba

Saïda, sikia yaliyonipata leo.

Unajua mjomba Msaidié anauza petroli hapa Mahabibo. Leo alikuwa anaichuja kwa mtandio wa nailoni, faneli ya bati juu ya dumu la plastiki. Nikaishika faneli, cheche ikanirukia kidoleni. Juu ya petroli, Saïda. Juu ya petroli.

Nikamwambia petroli ikipita kwenye nailoni inaacha chaji ya umeme kwenye bati, na plastiki haiipi njia ya kushuka ardhini.

Akacheka. "Nimepiga bismillahi. Miaka yote nachuja, haijawahi kuwaka."

Miaka yote alichujia kitambaa cha pamba, kwenye pipa la chuma.

Sasa namwona kupitia dirisha. Ameukata mtandio vipande, anawagawia wauzaji wenzake wachujie petroli yao.