Mkanda wa Sita

6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Najua barua hii inakukuta bila miwani, kwa hiyo kwanza kaitafute. Mama anasema iko juu ya kabati la vyombo. Sisi huku hatujambo. Mama anasubiri zamu yake ya kutolewa mtoto wa jicho, na wataanza na la kulia. Anakula vizuri, anagombana na jirani yangu vizuri, na kila asubuhi ananiuliza kama kuku wake wamekula. Mimi namjibu wamekula. Usiniangushe.

Sasa kaa chini. Lile jumba la sinema la mjini, lenu wewe na mama, linafunguliwa upya! Miaka yote ile limekuwa ghala la saruji, leo mjukuu wa mwenye jumba amerudi, amesugua sakafu mpaka rangi imeonekana, na viti vyote amenipa mimi nivitie sponji na kitambaa kipya. Viti mia tatu na kumi na viwili, baba! Karakana yangu haina pa kukanyaga. Kila nikipindua kimoja naokota kitu: maganda ya karanga, vitana, chingamu zilizogeuka mawe, kiatu cha mtoto mchanga. Chini ya kiti kimoja cha safu ya tatu mtu kakwaruza kwa msumari, “Nilikuja, hukuja.” Nimekionea huruma, hicho nitakiwekea sponji ya mara mbili.

Mjukuu anataka ubao mlangoni wenye historia ya jumba, nikamwambia historia ninayo, iko nyumbani inalisha kuku. Kwa hiyo niandikie unachokumbuka.

Halafu kuna hili: chini ya jukwaa tumekuta makopo sita ya mikanda, hayajaharibika. Ni ile picha ya dereva wa treni na mshonaji. Ndiyo itakayofungua jumba, Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, saa tisa alasiri. Mama aliposikia alipiga vigelegele peke yake kitandani. Amesema, “Jicho likipona tu, ule mwisho nitauona mwenyewe. Baba yako alinisimulia tu.”

Mimi wako,
Kitindamimba


19 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na miwani ilikuwa pale pale. Mwili mzima hauna neno, isipokuwa masikio. Hayo niliyaacha kwenye chumba cha mashine zamani, ndiyo maana naomba usinipigie simu, sauti yenu kwangu ni nyuki ndani ya kopo. Kuku wamekula. Jogoo ananichukia. Juzi amenifukuza mpaka jikoni, lakini mama yako usimwambie, atacheka mpaka jicho lidhurike.

Umetaka kumbukumbu, haya. Picha moja ilikuwa mikanda sita na mashine zilikuwa mbili. Mkanda ukikaribia kuisha, doa dogo linatokea juu kulia mwa picha, na hapo unawasha mashine ya pili kabla watu hawajapepesa macho. Ukichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi na kukutajia wazazi wako. Nilichelewa mara mbili tu katika miaka kumi na minane. Mabango ya nje alikuwa anayachora fundi mmoja ambaye kila mwanamke aliyemchora alitoka na sura ya mkewe, hata malkia, hata mchawi. Jumatano mchana ilikuwa ya akina mama, watoto mgongoni, na mtoto mmoja akianza kulia wanapokezana ukumbi mzima. Hayo andika ubaoni.

Haya yanayofuata usiandike popote, na wala usimsomee mama yako.

Unajua yeye ndiye aliyekuwa mlangoni. Mwenye jumba alikuwa na sheria moja: mkanda wa sita ukianza tu, mlinda mlango atoke nje, afungue milango yote mitatu, aitie kulabu, asimame pale mpaka mtu wa mwisho atoke. Kwa hiyo mama yako aliona mwanzo wa kila picha na katikati ya kila picha. Mwisho hakuuona hata mmoja. Mimi nikimaliza narudisha mkanda nyuma, nashuka ngazi za chuma ishirini na mbili, namkuta amesimama miguu imevimba, ananiuliza, “Haya, iliishaje?”

Mara ya kwanza picha ilikuwa imeisha kwa mazishi. Nikamtazama, amechoka yule binti! Nikashindwa kumpa msiba. Nikamwambia walioana. Akacheka. Wewe unakijua kicheko cha mama yako. Nikanogewa, ndiyo shida. Kuanzia siku hiyo sikuua mtu tena. Niliozesha watu, nikapatanisha ndugu, hata meli iliyozama niliivuta ufukweni na abiria wote salama.

Sasa hiyo ya dereva wa treni. Wiki moja kabla nilikuwa nimemposa. Akaniambia jibu ni Jumamosi, sinema ikiisha. Jumamosi imefika, mkanda wa sita umezunguka, na dereva harudi! Treni inaingia kituoni, abiria wanashuka mmoja mmoja, mshonaji anamtafuta mpaka behewa la mwisho, hayupo, picha imekwisha. Nikashuka zile ngazi. Akauliza, iliishaje? Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikamwambia alirudi, alishuka wa mwisho, kofia mkononi, wakaoana, wakazaa mapacha. Akasema, “Basi na mimi nakubali.”

Miaka arobaini na mmoja, mwanangu. Ile “nakubali” aliitoa kwa ajili ya mtu ambaye hakushuka kwenye treni. Naogopa, nakwambia kweli. Tafuteni picha nyingine.

Baba yako


8 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na jogoo. Nimecheka mpaka nimejichoma na sindano ya kushonea viti. Mapacha, baba? Mapacha wa nini?

Mama ametolewa bandeji juzi. Daktari alimuuliza anaona nini, akasema, “Naona daktari kijana asiyejua kupiga pasi.” Tulipofika nyumbani akanitazama usoni kwa muda, kisha akasema nimekonda na kwamba mapazia yangu ni machafu. Kisha akalia kidogo, na mimi nikalia, tukanywa chai. Sasa anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye kiberiti.

Picha nyingine hakuna. Nimemwomba mjukuu, akaniambia makopo mengine yote yameliwa na unyevu. Na habari mbaya zaidi: kijana aliyeletwa kuendesha mashine ameitazama, akaizunguka, akauliza inachomekwa wapi. Wanakuhitaji wewe. Nimeshawajibu utakuja, kwa hiyo utakuwa juu unaendesha ule mwisho kwa mikono yako mwenyewe.

Mwambie tu, baba. Ni mke wako, hatakula mtu.

Kitindamimba


17 Machi

Mwanangu,

Salamu tele, na mshike mama yako mkono kwa niaba yangu, umwambie nimefurahi kuhusu jicho. Nimefurahi mno, nimemwambia hata jogoo. Mimi ni mzima. Nyanya zimeanza kuiva.

Kumwambia siwezi. Nimejaribu mbele ya kioo nikashindwa, na kioo hakina hata ulimi.

Nisikilize. Mkanda wa sita uufiche. Makopo yana namba ubavuni. Kopo la sita ni bapa, linaingia kabisa ndani ya kiti: toa springi, liweke, funika na sponji, pigilia kitambaa chako. Viti mia tatu na kumi na viwili, nani atajua? Mimi nitaendesha mikanda mitano, nitajikuna kichwa, nitasema wa sita umepotea, halafu nitasimama jukwaani niwasimulie watu mwisho wangu mimi, na mapacha wangu. Jumba litashangilia. Mtakuja kukitafuta kiti hicho nikishakufa.

Barua hii ichane.

Baba yako, shujaa wa jogoo


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Keti. Umeketi? Haya.

Viti vimesharudi ukumbini, na kopo nililificha kama ulivyosema, safu ya tisa. Ila barua sikuichana. Niliiacha juu ya meza ya karakana chini ya mkasi. Baba, miaka sita mimi na wewe tumekuwa tukiacha barua zetu wazi popote, maana mama haoni. Nikasahau kwamba sasa anaona!

Niliporudi na misumari, mama hayupo, barua haipo. Nikakimbia mpaka ukumbini. Namkuta yuko safu ya tano, anakaa kwenye kiti, anainuka, anakaa kwenye kinachofuata. Nikasimama pale nikijifanya natafuta nyundo. Safu ya sita, ya saba, ya nane. Safu ya tisa, kiti cha nne, akakaa, akajitikisa, akasema, “Hiki kigumu.” Nikakifumua mbele yake.

Nikaanza kukutetea. Akanikata. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana amenisimamia ninavyoandika:

“Nani alikuwa amesimama mlangoni, mimi au yeye? Watu mia tatu walinipita siku hiyo wanalia. Mwalimu mkuu mzima alilia mpaka akagonga nguzo. Mwanamke mmoja alinishika bega akaniambia, dada, hakurudi, hakurudi! Halafu baba yako anashuka, ananiletea mapacha! Na kabla ya hapo, kila siku, watu wanatoka na kamasi, yeye ananipa harusi. Alidhani nafikiri wanalilia nini, vumbi? Nilijua tangu picha ya kwanza. Nilikuwa namngojea kwa hamu nione leo ataniletea nini. Nikasema, mwanamume anayepata taabu yote hii ili mimi nilale na furaha, huyo akiniposa nitamkubali. Akaniposa. Jibu nilikuwa nalo hata kabla ya mkanda wa kwanza. Nilimwambia Jumamosi ili nimtese kidogo.”

Nikamuuliza, mbona hukumwambia miaka yote hii? Akasema, “Angeacha.”

Mkanda umerudi kwenye makopo wenzake. Hapo chini ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, mara ya kwanza tangu macho yaharibike, ndiyo maana mistari imepanda mlima.

Kitindamimba

*Mume wangu. Njoo uendeshe yote sita. Mimi mkanda wa mwisho sitautazama, nitakuwa kazini kwangu. Na jogoo mpe maji, anakuchukia kwa sababu ana kiu. Mimi, wa Mlangoni.*


16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini basi halikukuchosha na magoti yamepoa. Mama hajambo, jicho la kushoto ni wiki ijayo, kisha namrudisha nyumbani kwa kuku wake.

Watu bado wanazungumzia Jumamosi. Kiti kimoja tu kilivunjika, na aliyekivunja ni mjukuu mwenyewe kwa kuruka. Mimi nilikwama safu ya tisa katikati ya watu wanaolia, sikuweza kutoka. Nilipofika nje nimewakuta wewe na mama mmeegemea mlango, mnacheka mpaka mama anafuta lile jicho alilokatazwa kuligusa. Nimemuuliza mlikuwa mnachekea nini, anasema muulize msimulizi. Haya, msimulizi?

Kitindamimba


25 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Magoti yananikumbusha zile ngazi ishirini na mbili, ila kwa wema. Jogoo nimempa maji na sasa ananifuata nyuma kama jamaa yangu. Mama yako alijua na hilo.

Umeuliza, nakujibu. Mikanda mitano ilikwenda bila kosa, doa likitokea nimeshawasha. Nilipouanza wa sita nilichungulia kwenye tundu langu, nikamwona mama yako anainuka kwenye kiti chake cha mbele, anapita katikati ya ukumbi taratibu, anatoka. Sheria ya mwenye jumba, ingawa mwenye jumba mwenyewe ameshakufa. Sikuwasikia watu wakilia, ila niliona mabega yakitikisika, safu kwa safu. Picha ikaisha. Nikaurudisha mkanda nyuma kama kawaida, nikazima mashine, nikavua kofia maana joto la kule juu halijabadilika, nikashuka.

Milango mitatu wazi, kulabu zimetiwa. Mama yako amesimama pale pale, kitambaa chake cha bluu kichwani, watu karibu wote wameshapita. Akaniambia karibu na sikio lile lenye nafuu, “Haya, iliishaje?”

Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimetunga mwisho mzuri ajabu, mwanangu, una mpaka wajukuu. Nilipomtazama ukanitoka wote. Nikasema kweli, kwa mara ya kwanza. Nikamwambia, “Hakurudi, mama watoto. Treni ilifika, akamngoja mpaka behewa la mwisho, hakushuka.”

Akanitazama kwa lile jicho lake jipya, kuanzia viatu mpaka kofia iliyokuwa mkononi mwangu.

“Mwongo wewe,” akasema. “Si huyu hapa ameshuka.”

Ndicho tulichokuwa tunachekea. Mlete upesi.

Baba yako